Magoti Mbele ya Baba Mkwe

Mama zangu na dada zangu wa jumuiya, amani iwe kwenu. Mmeniomba nisimulie kuanguka kwangu. Niseme mapema: sikuanguka dhambini. Nilianguka chini, pu! mbele ya baba mkwe.

Nilitoka kwetu Rubafu nikaolewa hapa Ijumbi, miaka ile kijiji kilipoanza shamba la ujamaa. Desturi yetu mnaijua, baba mkwe anasalimiwa kwa magoti. Asubuhi ya kwanza nikapiga magoti, nimemshikia kahawa ya kutafuna, zile punje kavu za mgeni. Na yule mzee, Mungu ampe maisha marefu, salamu zake haziishi! Akauliza hali ya baba, akauliza ng'ombe, akauliza migomba ya kwetu karibu mmoja mmoja. Nilipoinuka, moyo ukaenda mbio, masikio yakavuma, macho yakaingia giza. Nilizinduka nimemlalia mzee miguuni, kahawa zimetapakaa.

Kesho yake tena. Siku ya tatu, mzee akanidaka. Jirani mmoja akasema nimelewa rubisi. Mwingine akasema ni mimba. Mwaka ukapita, mimba haikuonekana! Shambani nikiinama kupalilia, nikiinuka tu, chini. Mwenyekiti wa kijiji akaniita kupe mbele ya watu: "Mbona wakati wa kula hazimii?" Ndugu zangu, nawaambia, nililia. Wakati wa kula si nimekaa!

Mama mkwe akachoka. "Mke asiyeweza kusalimu ni mke gani? Arudi kwao." Kikao cha ukoo kikapangwa. Nami mume wangu nilimpenda, na bado nampenda, ingawa anakoroma. Akanipeleka hospitali Bukoba. Daktari akanipima presha nimelala, akanipima nimesimama, akatikisa kichwa. Akasema mwilini kuna mishipa ya fahamu inayofanya kazi bila kuamriwa. Yangu inazembea, nikiinuka damu inachelewa kufika kichwani. Dawa ya kuimaliza hana. Ninywe maji mengi, niongeze chumvi, niinuke kwa vituo. Na magoti ya muda mrefu niache.

"Aache magoti!" Mama mkwe aliruka pale kikaoni, mume wangu alipoyaeleza hayo. "Huyo daktari alilelewa wapi?"

Moyoni nilishaanza kufunga nguo zangu. Ndipo baba mkwe akakohoa.

"Anayesalimiwa ni mimi. Kuanzia leo anisalimu ameketi."

"Lakini waitu, bwana wangu, watu watasema nini?" mama mkwe akauliza.

"Waseme. Wao hawamdaki. Mgongo wangu umekwisha!"

Kikao kikafungwa, ndizi zikaletwa.

Sijapona, nisiwadanganye. Juzi nilianguka jikoni, sufuria ikanifuata. Lakini niko kwangu, kwa mume wangu, na watoto wawili. Namshukuru daktari, namshukuru mume wangu, na baba mkwe siwezi kumshukuru nikamaliza. Na mama mkwe, yule pale anajifunika kanga, asante mama. Siku hizi nikitaka kuinuka shambani anapiga kelele: "Taratibu wewe! Kaa kwanza!" Hata mwenyekiti akimsikia anakaa.

Basi mtu akianguka mbele yenu, mwulizeni anaumwa nini kabla hamjamnusa mdomo.