Jina la Kumi na Moja

Miaka ile Mwingereza bado anakalia kiti, ukifika Singida mjini ukataka habari, hukwenda Bomani. Ulipita soko la nafaka ukauliza gogo la Gavana. Lilikuwa gogo la mninga tu, limelazwa kwenye kona upande usiopigwa na upepo, na makalio ya watu yalikuwa yameling'arisha kuliko meza ya Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya. Gavana mwenyewe alikuwa muuza kahawa, Alute kwa jina, na ukubwa huo aliupata kwa kuwa ndiye aliyeamua nani anywe na nani akae na kiu. Jumamosi hiyo ya mwaka hamsini na saba gogo lilijaa mapema. Jioni Majabali, timu ya mji, walikuwa wanacheza na vijana wa Reli kutoka Manyoni, na hakuna aliyeweza kukaa nyumbani kwake akatulia.

Filipo alifika wa mwisho, akitembea kama mtu anayeitwa barazani. Alikuwa fundi baiskeli, lakini watu walimjua kwa koo lake, wakamwita Zumari. Majabali walikuwa na desturi yao ambayo hukuikuta Dodoma wala Kondoa: mchezaji haingii uwanjani hivi hivi. Wote kumi na moja hupangwa nje ya mstari wa majivu, kisha Filipo humwita mmoja mmoja kwa wimbo, jina lake, la baba yake na la kwao, na watu huitikia. Ukiitwa unaingia. Usipoitwa unabaki hapo hapo. Mwaka mmoja Filipo alipatwa na mafua, jua likakaribia kuzama wachezaji bado wamesimama kwenye majivu, na refa akapuliza filimbi mpaka akachoka akaiweka mfukoni. Jina la kumi na moja, siku zote, lilikuwa la Leonidas wa Mungaa, mfungaji.

Leo Filipo hakujua kama jina hilo litatoka. Alhamisi, sokoni, mbele za watu, Leonidas alikuwa ameletewa kadi ya TANU akaikataa. Alisema uhuru ni kitu kizuri, ila tungoje kidogo, watoto wasome kwanza. Filipo alikuwapo, alisikia kwa masikio yake. Yeye kadi yake aliichukua mara tu chama kilipofika, maana hakuwa amesahau serikali ilipoamuru mifugo ipunguzwe na ng'ombe wa mama yake wakaswagwa mnadani huku mama akiwataja kwa majina. Kwa hiyo neno "tungoje" lilimchoma. Na aliyelisema ni kijana aliyempenda kuliko ndugu zake wa tumbo moja.

— Shikamoo, mzee Keya.

— Marahaba. Sauti umekuja nayo, au umeiacha nyumbani?

Huyo ni Simeoni, aliyeitwa Keya kwa kuwa alipigana Burma katika jeshi la Mwingereza la jina hilo, na mpaka leo hajalivua koti lake hata jua likiwa la utosi. Pembeni yake alikaa Marko, aitwaye Redio. Redio hakuwa na redio. Alisimama kila asubuhi kwenye dirisha la duka la Mhindi, akasikiliza nusu ya habari, nusu nyingine akaitunga njiani.

— Nimekuja nayo, alisema Filipo. Sijui kama nitaitumia yote.

Hapo gogo likachangamka. Redio alisogea mbele, akaeleza kwamba jambo hili si la siasa hata kidogo, ni la mpira mtupu. Mtu aliyezoea kusema tungoje, alisema, hawezi kubadilika akifika golini. Atapewa pasi, ataitazama, atasema tungoje, na vijana wa Reli wataondoka na mpira wao.

— Mbona mwezi jana aliwafunga Kondoa mawili? aliuliza Gavana, akimimina.

— Mwezi jana alikuwa hajasema.

Keya alikubali kwa kichwa, ila aliona Redio amelishika jambo mkiani. Yeye alikuwa amewaona Wazungu karibu, alikula nao vumbi moja, na akili yao anaijua. Bwana Shauri anapokaa pale kwenye kiti chake chini ya mwavuli na kupiga makofi, mnadhani anafurahia mpira? Anahesabu. Leonidas akifunga, watu wanaruka, na Bwana Shauri anapeleka habari Dar es Salaam kwamba watu wa Singida wana furaha tele, hawana shida na mtu. Dar es Salaam wanapeleka Ulaya. Ulaya wanasema, kama wana furaha hivyo, uhuru wa nini?

— Kila goli lake linatuongezea mwaka wa kutawaliwa, alisema Keya. Haba na haba hujaza kibaba.

Watu walipiga hesabu ya magoli ya Leonidas, na kwa hesabu hiyo wajukuu zao wangezeeka bado wanalipa kodi ya kichwa. Filipo alihisi damu inamchemka, lakini hakujua inamchemkia nani. Alikumbuka goli lile la Kondoa, jinsi alivyomkumbatia mtu asiyemjua mpaka kofia ya mtu yule ikapotea. Je, siku ile alikuwa akimfurahisha Bwana Shauri? Wazo hilo lilimkera kuliko uchungu wa kahawa.

Redio, kuona Keya amempita, alipanda juu zaidi. Vijana wa Reli, alisema, ni watu wa chama wote, kuanzia kipa hadi mbeba maji. Hata mgomo wanaujua. Basi wakitufunga sisi, aliyefungwa ni Mwingereza, maana sisi ndio tuna mtu wake mbele. Kwa hiyo mwananchi mwenye akili leo anatakiwa kushangilia Manyoni.

— Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Waje watufunge, tupone.

Angesema hivyo siku nyingine, angebebwa na gogo lenyewe akatupwa ziwani. Lakini siku ile watu walikuwa wamekwisha pata moto, wakaona si neno la kupuuzwa. Gavana peke yake ndiye aliyejaribu kupinga. Alitaka kujua, kama ni hivyo, hao kumi wengine wamepimwa lini. Likawa kosa, maana walipimwa hapo hapo. Kipa alichukia kodi, akapita. Beki wa kulia alikuwa mpishi wa Mzungu, akaanguka. Winga wa kushoto alikuwa na picha ya Malkia ukutani. Mtu mmoja akamtetea kwamba picha ni mali ya mkewe, akaulizwa kwani mke anakaa nyumba ya nani. Wakaendelea kuchekecha hivyo mpaka Majabali wakabaki wawili, kipa na kijana mmoja bubu ambaye hakuna aliyejua anawaza nini.

— Wawili wenye msimamo, alisema Keya, wanatosha kuwashinda kumi na moja wenye tamaa.

— Na mpira? aliuliza Redio, macho yamemtoka. Mpira wenyewe umetoka wapi? Si Uingereza?

Hilo hawakuwa wamelifikiria. Waliligeuza huku na huku, wakavuta kahawa, wakaona kweli, ngozi ni ya Uingereza na pumzi ni ya pampu ya Misheni. Keya alifunga vifungo vya koti lake mpaka juu, akatoa amri kwamba kwa heshima ya nchi, bora wacheze bila mpira. Na hakuna aliyecheka, kwa jinsi walivyokuwa wamefika mbali.

Kisha wote wakamgeukia Filipo. Maneno yote hayo yalikuwa mepesi kwao, maana wao kazi yao ni kuitikia tu. Jina halikuwa mdomoni mwao.

— Zumari, alisema Keya kwa upole, wewe una kadi. Utamwimba?

Filipo alishika kikombe kwa mikono miwili. Akimwimba, atakuwa amelitia sukari lile "tungoje" mbele ya mji mzima, na mama yake atakuwapo hapo, mtandio kichwani. Asipomwimba, Leonidas atasimama kwenye majivu peke yake, watu wakimtazama, na tangu desturi hiyo ianze hakuna aliyewahi kuachwa nje hivyo. Kijana wa watu atarudi Mungaa na asionekane tena mjini.

— Tuseme tu ukweli, alisema Filipo. Nampenda, na ameniumiza. Nadhani leo nitaishia kumi.

Gogo zima lilipumua. Redio alimpiga begani. Keya alisema huo ndio uanaume. Filipo mwenyewe hakuhisi uanaume wowote.

Wakati huo huo honi ikalia upande wa barabara ya Manyoni. Roli la vijana wa Reli liliingia na vumbi lake, watu wamening'inia mpaka kwenye mabodi, wakiimba, na hata wenyeji wakajikuta wanatabasamu. Mmoja wa waliokuja nalo, mtu wa makamo mwenye shati la kijani, aliruka chini akaja moja kwa moja kwenye kahawa, akamwamkia Keya kwa heshima zote. Redio alimtambua akaruka wima. Huyo alikuwa Melkiori, katibu wa chama Manyoni, yule aliyefungwa miezi kadhaa kwa kuhutubia watu bila kibali.

Gogo zima lilisimama. Walimpa nafasi ya katikati, na Gavana akalikamua birika likatoa kikombe cha mwisho, akakataa malipo. Keya alimkonyeza Filipo, kwamba sasa amekuja mtu wa kutusifu. Melkiori alikunywa, akajipangusa vumbi usoni, akatabasamu kama mtu aliyekuja arusini.

— Nimekaa juu ya magunia tangu alfajiri, alisema. Vijana wetu wanamwogopa kweli kweli, lakini mimi nimesema sifi sijamwona. Leonidas anacheza leo, siyo?

Keya alimtazama Redio. Redio, ambaye habari hazikuwahi kumwishia, aliinama akawa anatazama vidole vyake vya miguu. Gavana alilitikisa birika ingawa alijua halina kitu. Mgeni aliwatazama mmoja mmoja, na furaha ikaanza kumtoka usoni.

— Kwani kaumia? aliuliza, kwa sauti ya kuulizia mgonjwa.

Filipo aliona aibu, akaiona mpaka kwenye masikio. Alikiweka kikombe chini, akakohoa kusafisha koo, akashika njia ya uwanjani mbio bila kuaga, na kabla hajalipita duka la Mhindi walimsikia akijaribu sauti kwa jina moja tu, lile la mwisho.