Hedwiga Ndimbo, Fundi wa Blauzi za Kioda (1941–1999)

Mama yetu Hedwiga Ndimbo, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi hata kanisani, alizaliwa hapa Lipingo tarehe 17 Oktoba 1941, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Raimundi Ndimbo na Mama Vitalia. Miaka mitatu baadaye alizaliwa mdogo wake, Serafina, na tangu hapo ikawa vigumu kumtaja mmoja bila mwingine. Walilala mkeka mmoja, waliteka maji ziwani pamoja, na akikosea mmoja walichapwa wote wawili.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1950 hadi 1954, akamaliza darasa la nne. Akiwa na umri wa miaka kumi, Jumamosi moja alilifumua gauni lake la pekee ili aone limeshonwaje. Kulifumua aliweza, kulirudisha kulimshinda. Kesho yake alikwenda misa amevaa shati la baba yake, mikono inaburuta, na Serafina akacheka tangu wimbo wa kuingia mpaka baraka ya mwisho. Walipigishwa magoti nje ya kanisa, wote wawili kama kawaida. Sista mmoja aliuliza kisa, akaelezwa, akamwambia Hedwiga aje jumba la ushonaji akishamaliza shule. Huko alijifunza kazi kuanzia 1955 hadi 1957.

Tarehe 7 Julai 1962 alifunga ndoa na Bernadi Mbena, mchonga mitumbwi, ambaye ndiye baba yetu. Baba husema alimposa mara mbili, kwani mara ya kwanza Hedwiga alimwambia mshono wa suruali yake umepinda, arudi ukishanyooka. Alirudi. Walijaliwa watoto wanne, na katika miaka yote thelathini na saba Baba hakuwahi tena kutoka nyumbani na mshono uliopinda.

Mwaka 1966 Mzee Adinani, mwenye duka, alimpa nafasi barazani pake, naye marehemu akaweka cherehani yake pale na hakuhama. Alishona sare za shule, majoho ya watumishi wa altare na kanzu za wateja wa Mzee Adinani. Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa blauzi za kioda, ngoma ya akina mama wa mwambao huu. Serafina alikuwa Kwini, maana yake mkuu wa ngoma, na katika mstari marehemu alisimama kuliani kwake.

Mwaka 1983 kikundi kiliitwa kumpokea kiongozi aliyetoka mkoani. Mnaukumbuka mwaka ule: sabuni ilitafutwa kwa tochi na kitambaa kilikuwa hadithi. Marehemu alishona blauzi kwa mifuko ya unga. Wenzake walimtaka aifue kwanza mpaka maandishi yatoke, naye akaitikia vizuri sana, asifue. Akina mama walipompa mgeni mgongo, alisoma mgongoni kwa mmoja wao, mwenye mwili wake, UZITO KILO 90. Mgeni alicheka kwanza, kisha akauliza mambo ya vitambaa. Haukupita mwezi, majora yakashushwa duka la ushirika. Tangu siku ile marehemu aliamini kwamba nguo iliyoshonwa kwa akili husikilizwa pale ambapo mdomo hausikilizwi. Imani hiyo ilimpa sifa, na ndiyo iliyokuja kumponza.

Baadaye milango ya biashara ikafunguliwa, marobota ya mitumba yakaingia mpaka kwenye gulio letu, na mafundi wengi wakauza cherehani zao. Marehemu aliinama na wanunuzi wengine kwenye marundo yale. Alinunua makoti akayafumua, mashati akayakata upya, na mashuka meupe yaliyokuwa bado na majina ya hospitali za ng'ambo pembeni. Alisema kitambaa ni kitambaa, hakina haja ya kuulizwa kimelala na nani.

Ukaja uchaguzi wa mwaka 1995, wa vyama vingi, na kikundi kikagawanyika. Serafina alisema wameiimbia barabara ya Mbinga miaka kumi na tano bila kuiona, akaenda na nusu ya akina mama kuwaimbia wapinzani. Nusu nyingine ikabaki na chama tawala. Marehemu hakuwa na ugomvi na chama chochote. Alichokitaka ni kucheza karibu na mdogo wake, na sasa hapakuwa na mstari wa kusimama.

Pande zote mbili zilimjia zikitaka sare za rangi za chama chao. Aliwaambia wampe muda. Alichukua yale mashuka meupe akashona blauzi za wote, bila rangi ya chama hata kidogo, na mgongoni mwa kila moja akadarizi maji ya ziwa kwa uzi wa buluu. Blauzi zikipangwa kwa mstari ule wa zamani, maji yalipita mgongo hadi mgongo bila kukatika. Katikati aliweka mtumbwi mmoja: nusu ya mbele kwenye blauzi ya Serafina, nusu ya nyuma kwenye yake mwenyewe. Hakumweleza mtu. Alidhani wakijiona wamebaki vipande watatafutana. Alisahau kwamba hakuna anayeuona mgongo wake mwenyewe.

Blauzi za upande wa Serafina alizipeleka asubuhi ya mkutano wao wa kampeni, zimekunjwa. Zilivaliwa harakaharaka, na walioona nusu ya mtumbwi walidhani ni urembo. Uwanjani, Kwini alipowageuzia watu mgongo, Bwana Masoudi, mnunuzi wa dagaa, ambaye hajawahi kulimeza neno, aliuliza kwa sauti, "Mama, mbona chombo chenu kimekatika? Tukipanda si tutazama?" Uwanja mzima ulicheka, hata mgombea mwenyewe, na wimbo ukafia hapo.

Jioni Serafina alifika barazani, akaiweka blauzi juu ya cherehani.

"Dada, umenivua nguo mbele za watu."

"Nilitaka ukumbuke upande wa pili yuko nani."

"Si ungeniambia."

"Nilikuambia kwa uzi, Serafina. Mlikuwa mnaimba."

"Basi shona peke yako."

Aliondoka bila kuaga. Kabla ya Noeli alihamia Ukata kwa binti yake, akawa mtu wa milimani, wa kahawa na baridi. Akina mama wenyewe walipatana mwaka 1997 kwenye msiba mmoja, wakaanza kucheza tena pamoja, na siku hizi hawakumbuki vizuri walikosania nini. Marehemu aliwashonea, ila hakurudi mstarini. Blauzi yake yenye nusu ya mtumbwi hakuivaa hata siku moja.

Kila siku ya gulio aliwauliza wanaoteremka kutoka juu kama wamemwona, na kila aliyepanda alibebeshwa salamu. Jibu la Serafina lilikuwa lilelile: "Mwambieni nimesikia." Mtu mwingine angeumia. Marehemu alilipokea kwa furaha, na kutwa nzima akawaambia wateja, "Amesikia."

Desemba 1998 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi. Mwezi Februari alilazwa hospitali ya misheni, akaambiwa ni moyo. Alirudi nyumbani mwezi Mei, na cherehani ikafunikwa. Ugonjwa ulipozidi, mwanzoni mwa Agosti, Bwana Masoudi alikwenda kwa lori lake mpaka Ukata kumpa Serafina habari, halafu akaendelea na safari zake za mahindi. Serafina aliondoka kesho yake asubuhi. Alifika Mbinga, akakosa gari la kuteremka ziwani kwa siku kadhaa. Marehemu alifariki dunia nyumbani kwake Jumatano, tarehe 11 Agosti 1999, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Ameacha mume, Mzee Bernadi Mbena, watoto wanne, Mansuetus, Albina, Nicholaus na Lidia, wajukuu tisa, na mdogo wake, Serafina, aliyefika jana jioni na ambaye amekaa hapa mbele, karibu na jeneza.

Katika siku zake za mwisho marehemu alituachia maagizo mengi, na tumeyatimiza. Agizo moja limetushinda. Jumatatu aliuliza kama Serafina amefika, tukamjibu yuko njiani. Akasema, "Akija, msimwambie nilimsubiri. Mwambieni nilikuwa nashona."

Hakuwa anashona. Kitanda tulikuwa tumemgeuzia mlangoni, kwa ombi lake mwenyewe.

Mama mdogo, alikusubiri.

Bwana ampokee mtumishi wake Hedwiga, apumzike sasa bila kungoja mtu.