Shahada ya Sauti

Gari la Lukozi lilipoanza kuteremka kwenda Lushoto, Mwanaheri alimwamkia mzee aliyekaa naye kiti kimoja. Mzee aliitikia marahaba, kisha akamuuliza anapeleka wapi kompyuta aliyoipakata asubuhi ile.

"Naenda kutuma maombi ya chuo, babu. Kwetu mtandao unasuasua na leo ndiyo mwisho. Nataka kusomea kurekodi na kutengeneza muziki."

"Sauti nayo inasomewa chuo kikuu?" Mzee alisikitika kana kwamba amepewa habari za msiba. "Soma kilimo, mjukuu wangu. Mwanangu ana shahada ya kilimo."

"Yuko wapi siku hizi?"

Mzee alitazama mashamba ya kabichi dirishani kwa muda mrefu kuliko yalivyostahili. "Yuko Tanga. Anapiga muziki kwenye harusi."

Mwanaheri aliuma mdomo asije akamcheka mtu mzima. Akampa hedifoni asikilize kazi aliyotaka kuituma: wanawake wa Lukozi wakiimba huku wakiosha karoti mtoni. Mzee alisikiliza kwa kona tatu nzima za barabara.

"Humu kuna mtu anakohoa," alisema hatimaye.

"Ni baba. Alikuwa amekuja kuniambia niache upuuzi. Ningeweza kumfuta, lakini nimemwacha."

Gari lilisimama stendi ya Lushoto, abiria wakaanza kushuka. Mzee hakuvua hedifoni.

"Kilimo ni bora!" alipaza sauti, kama wafanyavyo watu walioziba masikio. "Lakini hebu rudisha pale mwanzo."