Futi Tano, Afisa wa Mpakani kwa Miaka Ishirini na Saba

Dada yetu tunayemzika leo alizaliwa Jumatatu tarehe 9 Aprili 1962, saa nne asubuhi, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake, ambaye alikuwa fundi cherehani. Mkunga alichelewa. Alipofika alikuta mtoto analia na kitovu kimeshakatwa, kwa mkasi wa kazi uliochemshwa kwenye birika. Mama alipenda kusimulia kwamba mkasi ule ulirudi kwenye suruali za watu jioni ileile. Marehemu alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Wa kwanza ni kaka yake, aliyemtangulia kwa miaka minne, ambaye ndiye aliyeandika wasifu huu na ndiye anayewasomea. Mtamvumilia sauti ikimkatika.

Alianza shule ya msingi Januari 1969 na kumaliza mwaka 1975, kisha akasoma sekondari hadi kidato cha nne, mwaka 1979. Kwa kimo chake alikaa dawati la mbele miaka yote. Mwalimu wa jiografia alimkumbuka kwa swali moja. Siku aliyotundika ramani ubaoni, binti alinyanyua mkono akauliza kama mtu akiufikia ule mstari wa vinukta unaotenganisha nchi na nchi atauona chini, na kama kuna mtu anayekaa hapo. Mwalimu alikiri kwamba yeye mwenyewe hajawahi kufika. Tangu siku hiyo, kwa maneno ya marehemu, alitaka kwenda kuangalia.

Lakini kwanza alifanya kazi miaka kumi katika ofisi ya vifurushi ya kampuni ya mabasi. Alipima mizigo, akafunga kamba, akaandika majina ya watu na miji ambayo hakuwahi kufika. Mafundo yake hayakufunguka njiani. Wapokeaji wengine walilalamika kwamba hayakufunguka hata nyumbani.

Mwezi Februari 1985 kaka yake alihukumiwa kifungo cha miaka minane. Alikuwa mlinzi wa bohari ya mafuta, na alishirikiana na wenzake kuiba dizeli aliyowekwa ailinde. Nyumbani jambo hilo lilifunikwa gubigubi. Baba aliwaambia majirani kwamba kijana amepata kazi kwenye meli za mizigo. Picha yake iliondolewa ukutani, ikabaki alama ya mraba, nyeupe kuliko ukuta wenyewe. Kwenda kumwona kulipigwa marufuku, na jina lake likawa halitajwi. Mama alikuwa na mazoea ya kuchanganya majina ya watoto wake, na kila lilipomponyoka lile la mwanawe, wote watatu walikaa kimya mpaka sahani zilipoondolewa mezani. Dada hakuwa na wa kuzungumza naye habari za kaka yake. Alirudi kazini, akaketi nyuma ya mizani, akaitikia salamu za watu waliouliza, "Baharia wetu hajambo?"

Mwaka 1987 gazeti lilitangaza nafasi za maafisa wa ulinzi wa mpaka, kwa mara ya kwanza zikiwa wazi kwa wanawake. Mwombaji awe na cheti cha kidato cha nne, asiwe ametimiza miaka ishirini na minane, awe na kimo kisichopungua futi tano, aweze kukimbia na kuogelea, na apite upekuzi. Siku ya kupimwa, sajini alimshushia ubao kichwani, akainama kusoma alama, akasema, "Futi tano. Hata unywele haujazidi." Waliokuwa kwenye foleni wakacheka, na jina likamganda mpaka leo.

Mara hiyo ya kwanza mbio zilimshinda. Ilitakiwa kilomita mbili na nusu kwa dakika kumi na nne, naye alichelewa kwa sekunde arobaini, akatapika pembeni ya uwanja. Alirudi kwenye vifurushi. Kila alfajiri kabla ya kazi alikimbia kuzunguka uwanja wa mpira, akiwa na raba za turubai na sketi aliyoshonewa na baba, pana kidogo. Watu walimuuliza anakimbizwa na nani. Kuogelea alijifunzia kwenye bwawa la kiwanda cha ngozi lililokuwa limeachwa, na harufu yake, alisema, haikumtoka wiki nzima.

Mwaka 1988 alipita mbio, akapita mtihani wa maandishi, akafika kwenye fomu ya upekuzi. Swali la kumi na saba liliuliza: Je, unaye ndugu aliyewahi kufungwa? Kama ndiyo, mtaje. Baba alisimama nyuma ya kiti chake, akamwambia aandike "Hakuna". Akaandika. Wiki tatu baadaye waliomhoji walimwekea mezani nakala ya hukumu. Hawakumfokea. Walimwambia tu kwamba mkono unaodanganya kwenye fomu utadanganya na kwenye mhuri, wakamfungulia mlango.

Mwaka uliofuata nafasi hazikutangazwa, akabakiwa na bahati moja tu. Maombi ya mwaka 1990 yalifungwa tarehe 31 Machi, siku tisa kabla hajatimiza ile miaka ishirini na minane. Safari hii aliijaza fomu akiwa ofisini, juu ya meza ya mizani. Alipofika swali la kumi na saba aliandika jina la kaka yake kamili, tarehe ya hukumu na gereza alilokuwemo, kwa mwandiko wake ule wa kuandikia vifurushi. Hakumwambia mtu.

Katika usaili, mwenyekiti wa jopo, mama mwenye miwani, aliisoma fomu mara mbili. Kisha akamuuliza, "Kaka yako akija getini kwako na mzigo ambao hakuutaja, utafanya nini?"

"Nitamkagua kama ninavyowakagua wengine," alijibu. "Nikitoka zamu nitamuuliza kama amekula."

Mama yule aliandika kitu.

Upekuzi ulifika mtaani mwishoni mwa Aprili. Wanaume wawili wenye faili walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza tabia za binti wa fundi cherehani, na wakauliza pia kuhusu kaka yake, yule aliye gerezani. Walianzia kwa fundi viatu. Kufikia mchana hakuna asiyejua. Mama hakutoka nje kwa siku kumi na moja. Baba aliigeuza cherehani, akawa anashona akiwa ameupa mtaa mgongo, wala hakuirudisha ilivyokuwa hadi alipofariki. Barua ya kuchaguliwa ilikuja tarehe 18 Juni 1990. Dada aliisoma peke yake uani. Ndani hapakuwa na mtu wa kumpa hongera.

Siku tano baadaye kaka yake alitoka gerezani, akiwa amepunguziwa theluthi ya kifungo kwa tabia njema. Habari za zile meli alikuwa amezipata kwa barua moja ya baba, naye alikuwa ameazima sanduku ili aonekane mtu wa safari, na kwa miezi mingi alikuwa amekariri majina ya bandari, ni ipi ina baridi na ipi ina mvua. Fundi viatu alimpokea kwa mkono na sauti ya huruma: "Pole na kifungo, bwana mdogo." Majina yote ya bandari yakamyeyuka kichwani. Aliingia nyumbani, akanywa maji akiwa amesimama, akauliza nani amesema. Mama alitazama uani, ambako dada alikuwa akipanga nguo zake kwenye sanduku la bati, tayari kwa chuo. Kaka yake alimwambia, "Hongera. Kazi umeipata kwa jina langu." Dada alifungua mdomo, lakini aliyesema neno lile hakungoja jibu. Alihamia mji mwingine wiki hiyohiyo, akawa dereva wa trekta, akaoa, akapata watoto wawili, na kwa miaka thelathini na mmoja hakumtafuta dada yake.

Marehemu alihitimu mafunzo ya miezi tisa akiwa wa nne katika darasa la watu sitini na wawili. Mwezi Aprili 1991 alipangiwa kituo cha juu mlimani, na huko alikaa mpaka alipostaafu mwaka 2018. Kilikuwa chumba cha ofisi, geti la bomba lililopakwa rangi nyekundu na nyeupe, tangi la maji, na nyumba nne za watumishi. Wenzake walikuja na kuondoka, kwa maana hapakuwa na shule karibu. Ikafika miaka ambayo nyumba tatu zilifungwa kwa misumari na taa ikawaka kwake tu. Kila asubuhi saa kumi na mbili alibonyeza redio akasema, "Kituo cha juu kimeamka salama," na sauti ya makao makuu ikajibu, "Tumekupata." Mwishoni mwa maisha yake alimwambia kaka yake kwamba kuna siku maneno hayo mawili yalikuwa ndiyo mazungumzo yake yote. Siku nyingine aliirudia taarifa makusudi, akijifanya mawimbi ni mabovu, ili ajibiwe mara mbili.

Lakini kazi aliijua. Alijifunza lugha ya ng'ambo kwa kuongea na wapita njia, akiandika maneno nyuma ya kitabu cha zamu. Hakupokea kitu cha mtu. Wenye malori walimwogopa, halafu wakamzoea, halafu wakawa wanamletea magazeti ya juzi. Kuna dereva mmoja aliyetamka kwamba amebeba mizinga mitupu ya nyuki. Futi Tano alipanda juu ya kreti ili afikie, akafunua mmoja kuhakikisha. Taarifa ya siku hiyo ipo mpaka leo, imeandikwa na mtu aliyebakiwa na jicho moja la kuonea: "Mzigo umekaguliwa. Si mitupu." Koplo wa mwisho kufanya naye kazi, ambaye yupo nasi hapa, anasema makao makuu waliibandika ukutani.

Tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa na mpima hali ya hewa aliyekuwa na kituo chake upande wa pili wa kilima, mtu mpole aliyeongea kidogo na kutazama mawingu sana. Alimwandikia kaka yake kumkaribisha, hakujibiwa. Waliishi pamoja miaka miwili na miezi minane, kisha mume akahamishwa mbali. Dada aliomba uhamisho mara sita. Jibu lilikuwa lilelile, kwamba hakuna mwingine anayekubali kukaa kule. Wakawa wanaonana mara mbili kwa mwaka, na katikati wakaandikiana barua, ambazo mume alizianza kwa kiasi cha mvua. Hawakujaliwa mtoto. Mume alifariki ghafla mwezi Julai 2009. Habari zilimfikia dada kwa redio ileile, na asubuhi iliyofuata, kwa kuwa hapakuwa na wa kumpokea zamu, alitoa taarifa kwamba kituo kimeamka salama.

Baba alikuwa ameshatangulia mwaka 1999. Mama alifuata mwaka 2011. Kwenye mazishi yake kaka na dada walisimama ng'ambo hii na ile ya kaburi, wakapeana mkono na pole, kila mtu akashika njia yake.

Alipostaafu alipanga chumba katika mji ulio chini ya kile kilima. Aliugua figo, akanyamaza nayo kwa muda mrefu kama alivyonyamaza na mengine. Tarehe 3 Juni 2021 alianguka sokoni akapelekwa hospitali. Wauguzi walipofungua kitambulisho chake cha utumishi walikuta sehemu ya ndugu wa karibu imejazwa jina la kaka yake na anwani sahihi. Kumbe katika kila fomu ya kazi kwa miaka yote hiyo alimwandika yeye, hata wakati mume alikuwa hai aliwaandika wote wawili, na kila kaka huyo alipohama alipata anwani mpya kwa mama, kisha kwa watu, akaisahihisha.

Kaka alikuja. Alimkuta kitandani amekuwa mdogo kuliko futi tano. Siku za kwanza walizungumzia dawa na hali ya barabara. Siku ya nne akamuuliza alichokuwa amekibeba tangu mwaka 1990: kwa nini aliandika.

"Kwa sababu waliuliza, kaka," alisema. "Miaka mitano nyumbani hakuna aliyeniuliza habari zako. Picha imetolewa, jina halitajwi, na mimi naambiwa niitikie kwamba uko baharini. Ile fomu iliuliza una kaka? Anaitwa nani? Yuko wapi? Mara ya kwanza nikaandika hakuna. Nikalala nikiwaza, nimesema sina kaka. Kazi niliitaka, sikatai. Lakini siku ile nilitaka zaidi kuliandika jina lako mahali."

Kisha dada akamuuliza kama amekula.

Miezi kumi na minne iliyofuata aliishi nyumbani kwa kaka yake, katika chumba kinachotazama barabara. Alikwenda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Wapwa zake, watu wazima tayari, walijifunza kumwita shangazi, na yeye kila walipomwita alichelewa kidogo kuitika, kama mtu asiyeamini kwamba ndiye anayeitwa. Alfajiri ya Alhamisi tarehe 11 Agosti 2022 alifariki dunia usingizini, akiwa na umri wa miaka sitini.

Marehemu ameacha kaka mmoja, wifi mmoja, wapwa wawili, na koplo aliyemwita mama. Orodha ni fupi, na ingekuwa ndefu zaidi kama isingekuwa ukaidi wa mtu mmoja. Mtu huyo anaomba kusema mbele yenu, kwa kuwa hakuwahi kulisema hadharani: hakuwahi kuwa baharia. Alikuwa mfungwa, na alikuwa na dada ambaye hakumkana ila mara moja tu, kisha akatumia maisha yake yote kusahihisha.

Mungu ampumzishe salama, na huko aliko asikae peke yake.