Skrubu ya Fundi Yakataliwa na Ufizi

Apeni kwanza kwamba hili halitoki hapa. Mmeapa? Haya, sogeeni, mtaa mzima umeshaambiwa, mmebaki ninyi tu. Ni yule Fundi mshona nguo, mwenye benchi mbele ya duka. Wanywa kahawa wake ni wawili: Spana, mtengeneza magari, na Wakili, ambaye mahakamani alikwenda mara moja tu, kupaka rangi. Asubuhi hiyo Fundi hakuwa na raha. Wiki ya tatu tangu daktari amtie skrubu kwenye taya, ije kushika jino jipya, na ufizi umevimba kama puto. Kesho anakaguliwa, ukikutwa hivyo, skrubu inatolewa. Na mwenzenu miaka minne anacheka akiziba mdomo kwa futi kamba!

– Daktari kakuharibu, – akaanza Spana. – Skrubu gani inakazwa bila grisi?

– Mimi nimefuata yote, ndugu zangu. Uji. Maji ya chumvi. Sigara nimeacha. Hata kahawa naipoza kwanza.

– Basi imelegea. Nipe dakika mbili na bisibisi ndogo.

– Kaa mbali na mdomo wangu!

– Shauri yako. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Wakili akakohoa kisheria.

– Chuma ni mgeni, nyama ni mwenyeji. Wahenga wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu kapona? Hajapona. Kwa hiyo mgeni ni wa wizi. Skrubu hiyo ilishatumika!

– Na marehemu, – Spana akadakia. – Inataka kurudi kwake.

Fundi akaipapasa kwa ulimi.

– Tunamshtaki daktari, – Wakili akapiga benchi. – Leo leo!

Fundi akaona afadhali. Kumpata wa kumlaumu nako ni dawa. Mara akaja Sista, muuguzi wa daktari yuleyule, gauni lake jipya la kazi linaburuza. Akapanda kigoda, Fundi akapiga magoti kukunja pindo.

– Sista, jitetee! – Wakili akamvaa. – Mteja wangu hajatia kitu kigumu kinywani wiki tatu, na bado kavimba!

Sista akainama.

– Kweli, Fundi?

– Mmh.

– Hata kimoja?

– Mm-mm.

– Sasa mbona hufungui mdomo?

Hapo ndipo Fundi alipohisi kilichowekwa kinywani na mikono yake yenyewe, bila kumuuliza, kama ilivyozoea miaka ishirini: pini, vichwa nje, ncha ndani, moja imelalia ufizi palepale.

– Mungu wangu! – Sista akashika kichwa. – Skrubu haina kosa, baba. Unaudunga ufizi kutwa! Nitamwomba daktari akuongezee wiki, ila hizo zitafutie mto wa kuzichomeka.

Spana akatazama kando. Wapita njia walishasimama. Wakili, uso mkavu, akamsogezea kikombe kitupu.

– Mshtakiwa, tema vielelezo.

Navyo vikalia kikombeni, kimoja kimoja, kadamnasi ikihesabu kwa sauti, hadi kumi na moja.