Kwa Daktari Hannah, Aliyetafuta Asili ya Kidonda

Mheshimiwa Chifu, masheikh na wachungaji wetu, wageni waalikwa, na nyinyi kina mama wa Mwabungo: assalaam aleikum, na wenye salamu nyengine nawaamkia pia. Mimi ni Mwanapili, mkunga wenu. Nimeombwa nimuage Daktari Hannah Muasya, anayerudi Nairobi.

Mwaka wa tisini na saba nilimzalisha Subira mtoto wa kiume. Haukupita muda, mtoto akatoka malengelenge, akakataa ziwa, akafikishwa hospitali yu hoi. Daktari Hannah akamtia dawa ya mshipani, akasema ni herpesi, virusi vile vinavyotoa vidonda midomoni. Na mimi juma lile nilikuwa na kidonda mdomoni; nani hakukiona? Basi hukumu ikapita. Wajawazito wakiniona, wanavuka barabara.

Daktari akaja nyumbani kwangu. "Shikamoo, mama. Virusi hivi karibu sote tunavyo, lakini vina nasaba mbalimbali, kama koo za watu. Niruhusu nichukue majimaji ya kidonda chako, kama nilivyochukua ya wazazi, nilinganishe na ya mtoto."

"Na ikiwa ni changu?"

"Nitakwambia wewe kwanza, na nitakaa nawe."

Ndugu zangu, katika siku zile, nani mwengine alitaka kukaa nami?

Majibu yakarudi kutoka maabara: vinasaba vya virusi vyangu vilikuwa mbali na vya mtoto. Nikauliza, "Ni vya nani, basi?" Akasema, "Hilo si langu kulitangaza." Alikuwa amekwisha kuwaita Subira na mumewe, Kheri, akawaeleza kwa upole kwamba baba kumbusu mwanawe si dhambi.

Ijumaa, baada ya sala, Kheri akasimama mwenyewe. "Busu lilikuwa langu. Mama Mwanapili hana lawama." Kisha akaja kwangu, tukalia sote wawili.

Mtoto yule leo anakimbia, ingawa jicho lake moja halioni vyema. Na Subira alipopata mimba ya pili, aliniita mimi, nikamzalisha mtoto wa kike. Kheri kidonda kilikuwa kimemtoka tena. Akamtazama bintiye kwa dirishani mpaka kilipokauka.

Daktari, Mungu akutangulie njiani. Nanyi nyote, ahsanteni kwa kunitegea masikio.