Mwalimu Tomlinson Hataki Kuondoka

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto wa wali, mkae. Leo tunamkumbuka Mwalimu Eulalee Tomlinson wa Cascade Gap, hapa hapa Hanover, Jamaica. Alifundisha Kiingereza miaka arobaini. Miaka arobaini, na sehemu kubwa ya hiyo aliimalizia kwenye jambo moja: vitenzi visaidizi.

Gazeti limemwita nguzo. Mimi nilikaa mbele yake miaka mitatu. Nguzo haichapi watu kwa rula.

Mliopita kwake mnajua. Alitupanga mbele ya ubao kama ng'ombe wa mnada. Mmoja alikuwa "mimi", mwingine "yeye", mwingine "wao". Katikati walisimama wasaidizi, na nyuma kabisa kitenzi kikuu. "Yeye" alitakiwa kushika mkono wa msaidizi wake, si wa "wao". Msaidizi akishabeba mkia wa 's', kitenzi kikuu kinavua wake na kusimama kitupu. Ukishika mkono usio wako, rula. Mtoto wake wa kumzaa, Renford, alimfanya kitenzi kikuu kila siku. Asimame nyuma, asubiri.

Nampa haki yake: waliotaka kazi benki waliipata. Lakini huyu mama hakujua darasa linaishia wapi. Mdogo wake, Ianthe, aliniambia hivi: "Dada alinisahihisha kanisani siku ya harusi yangu, katikati ya kiapo. Mchungaji akasubiri nirudie. Mume wangu naye akasubiri, jasho linamtoka, akijua zamu yake inakuja."

Ndivyo alivyokuwa. Alisahihisha sala. Alisahihisha salamu za rambirambi, na wafiwa wamekaa hapo.

Sasa nije kwa Renford, maana kumbukumbu hii ni yake. Renford ni fundi wa majokofu, mtu mzima, na hakuwahi kuhama kwa mama yake. Alimpenda Clovette, anayekaanga samaki kule ufukweni. Jumapili moja akamleta kula. Clovette akasema, kwa maneno yetu ya nyumbani, kwamba Renford hapendi karoti. "Yeye" akapewa msaidizi wa "wao": "don't" badala ya "doesn't". Mwalimu akaweka kijiko chini.

"Rudia."

"Mama, wali unapoa."

"Upoe. Sentensi kwanza."

Mara tatu Clovette alirudia, bakuli la kuku likiwa mkononi mwa mwalimu. Mara ya nne akasimama. "Renford, siku huyu atakapotoka humu ndani, ndipo nitaingia mimi." Akaenda zake. Renford akabaki anakula karoti.

Hiyo ilikuwa miaka sita iliyopita. Miaka sita, wasikilizaji wapendwa, walionana ufukweni tu, kama wezi.

Mwezi uliopita mwalimu akafariki. Siku ya tisa tukaenda kumuaga, kama tuagavyo wote. Mnajua kawaida yetu: mtu wa nyumba anaingia chumbani, anageuza godoro, anahamisha kitanda, anamwambia marehemu aende. Asipoambiwa, habanduki. Kwa kawaida huwa ni usiku na kelele, lakini marehemu aliagiza tumalize kabla jua halijatua, na sisi kondoo tukatii.

Sijawahi kuona aibu kama ile. Ua mzima ulikuwa wanafunzi wake. Ramu ipo, supu ya mbuzi ipo, na watu wananong'ona. Domino kwetu hupigwa hadi meza ilie. Siku ile waliziweka kama mayai.

Ikaja zamu ya kumwambia aende. Wanaume wazima wakaanza kubishana barazani.

"Tumwambie anaweza kwenda," akasema Mchungaji Wint.

"Akiambiwa anaweza kwenda, atasema anaweza na kukaa," akajibu Ucal, dereva wa lori.

"Basi anapaswa."

"Mwambie wewe, mchungaji. Mimi alinipa sifuri."

Renford alikuwa mlangoni mwa chumba, mkono kwenye fremu. Haingii, hatoki. Ianthe akamwambia, "Mwanangu, Clovette yuko langoni. Mwondoe mama yako, mwanamke aingie."

Hakusogea. Basi Clovette akaweka kapu lake la samaki chini, akapita katikati yetu, akaingia chumbani akashika godoro. "Shika huko," akamwambia Renford. Akashika. Wakaligeuza. Clovette akatazama kitanda, akasema kwa sauti, kwa maneno yetu:

"Mwalimu, kazi yako imekwisha. Renford hana haja nawe tena. Nenda, mama, nenda upumzike."

Ua ukapumua. Ucal akanyanyua domino aipige.

Na Renford, bila hata kuinua macho, akasema polepole, "Huyo ni msaidizi wa 'wao', Clo. Sema tena."

Clovette alimtazama. Hakukasirika, na hilo ndilo baya. Alishusha upande wake wa godoro, akalinyoosha shuka vizuri, akatoka. Langoni akachukua kapu. Ianthe alimwita mara mbili. Sisi wengine tulisimama nyuma tukasubiri, kama tulivyofundishwa.

Wasikilizaji wapendwa, kwa familia ya Tomlinson natoa pole. Kwa Ianthe, pole ya dada. Kwenu wengine mnaokaa mkisahihisha vinywa vya watu, jiulizeni nani atabaki na nafasi nyumbani mwenu. Mtoto akija analia kwamba goti linauma, tazama goti, si sentensi.

Na kwako Renford, pole zaidi, maana marehemu wako bado yupo ndani, na sasa ni wewe wa kumtoa. Clovette anakaanga samaki kila Jumamosi. Nenda. Akikwambia lolote, kwa maneno yoyote, wewe kula.